Mkono wa Kulia wa Mwanahawa

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na godoro, mkaniomba niseme neno. Nikasema asanteni, nikakaa. Mbele ya keki na soda sikuwa na zaidi. Sasa niko nyumbani, kuku wameshanizoea, na nimeona niwaandikie ninyi mliobaki yale ambayo ningewaambia kama tungekuwa wenyewe kwenye chumba cha vidonda, mlango umefungwa na sufuria ya vyombo inatokota.

Sitaeleza nilipandaje daraja. Anayetaka habari hizo akaulize utumishi, na akipata jibu aniletee na mimi.

Nilitoka chuoni nikiamini nitapangwa chumba cha upasuaji. Nikapelekwa kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya wodi ya wanaume, karibu na shimo la kuchomea taka, kiasi kwamba upepo wa Singida ukigeuka hukujua harufu imetoka ndani au nje. Aliyekuwa na chumba hicho ni Sista Paskalina, mwanamke mfupi wa Manyoni, aproni yake imechemshwa mpaka imepoteza rangi. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Mzee Mghenyi, mkulima wa Mungaa, ana kidonda juu ya kifundo cha mguu ambacho kilikuwa na umri mkubwa kuliko cheti changu. Nilinawa, nikavaa glavu, nikashika kibano. Sista akanipiga kofi dogo la mkononi.

"Unakimbilia wapi? Msalimie kwanza."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alisema Mzee Mghenyi. "Ndiyo umekuja kujifunzia kwangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Wenzako walishajifunzia hapo, wamehamishwa, na kidonda bado kipo."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Vibano viwili, kimoja meno yake hayakutani. Mkasi butu. Gozi za kufunikia vidonda tulikata wenyewe kutoka kwenye bunda, maji ya chumvi tulichemsha wenyewe. Na kalamu ya biro. Mnacheka, lakini ile biro ilitufanyia kazi kubwa kuliko darubini. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa kiganja kwa ncha ya biro, kidogo tu, naye anaonyesha kwa kidole cha mkono mwingine mahali ulipomgusa. Asipoonyesha, mshipa wa fahamu wa upande huo umeharibika. Ndivyo tulivyowapima wagonjwa wa ukoma, maana kliniki yao ilifanyikia chumbani kwetu. Hakuna chumba kingine kilichowataka.

Sista Paskalina alinifundisha kukisoma kidonda kama watu wanavyosoma uso. Alinusa kabla ya kutazama. Aliniambia nisiuogope wekundu wa siku za mwanzo, wala joto, wala uvimbe. Kidonda kibichi kisichovimba kabisa kilimtia wasiwasi zaidi. "Mwili umesikia," alikuwa akisema akibonyeza pembeni palipovimba. Kinyume chake kilikuwa kidonda cha Mzee Mghenyi, ambacho kilivimba mwaka hadi mwaka na kutoa maji, nyama mpya ikiota asubuhi inaliwa jioni. Uvimbe wa namna hiyo nao aliuita ugonjwa. Mwili umesikia, ila hauwezi kunyamaza.

Maneno ya kitaalamu tuliyapata baadaye kwa Dokta Nkinga, aliyesimamia kliniki ya ukoma. Alikuwa mtu mpole, anaandika kwenye kadi huku amesimama kwa sababu kiti alimpa mgonjwa. Asubuhi moja alitukusanya akatueleza kuhusu saitokini. Alisema chembe za kinga mwilini hazina mdomo. Zinapeana habari kwa kutoa vitu vidogo mno vinavyosafiri kwenye damu na kwenye nyama, na vitu hivyo ndivyo saitokini. Kuna zinazosema kuna adui hapa, leteni damu, leteni askari: ndipo mahali panavimba na kupata moto. Askari wakishasafisha, chembe zilezile hubadili ujumbe, zikaita mafundi: ngozi iote, mishipa midogo ya damu ichipue, kovu lifunge.

"Kumbe ni wajumbe," alisema Sista Paskalina.

"Ni wajumbe hasa, Sista."

"Na mjumbe akipiga filimbi watu wameshafika, na yeye anaendelea kupiga?"

"Basi wanaanza kubomoa nyumba za wenyewe," Dokta Nkinga akajibu. Tangu siku hiyo hatukusema saitokini tena chumbani mle. Tulisema wajumbe.

Nimeyaandika hayo kwa urefu kwa sababu bila kuyaelewa hamtaelewa yaliyompata Mwanahawa, na mimi kazi yangu yote naipima kwa mgonjwa huyo.

Mwanahawa alikuwa fundi cherehani mjini Singida. Alishona kwenye baraza la duka la vitambaa la mumewe, Salumu. Familia ya Salumu ni watu wa biashara, babu yao alikuja kutoka pwani akaoa huku huku, na sasa wana pwani ya kwenye kanzu tu. Salumu ndiye aliyemleta. Alimleta kwa pikipiki, akamshika kiwiko mpaka mlangoni, akasimama nje akizungusha funguo kidoleni.

Mwanahawa alikuwa na mabaka mgongoni na mikononi, yamefifia rangi, hayawashi. Dokta Nkinga alimpima akamwambia ni ukoma, unatibika, na akishaanza dawa hawezi kumwambukiza mtu. Mwanahawa alisikiliza hayo yote, halafu akauliza swali moja tu.

"Nitashona?"

"Utashona," alisema Dokta. Wakati ule ilikuwa kweli.

Alianza paketi za dawa. Kila mwezi alikuja, anameza za siku ile mbele yetu, anatuonyesha ulimi kwa utani. Alimshonea Sista Paskalina aproni mpya, na Sista akaichemsha siku hiyohiyo. Mabaka yalianza kufa. Ndipo mambo yakageuka.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalielewi kuhusu ukoma, hata wenye vyeti. Mara nyingi vidole haviharibiwi na vijidudu vyenyewe. Vinaharibiwa na vita. Dawa inaua vijidudu, mizoga inabaki ndani ya mishipa ya fahamu, na mwili uliokuwa umelala unaamka siku moja unaiona. Wajumbe wanatoka kwa wingi, mshipa unavimba ndani ya ganda lake, na ganda halitanuki. Mshipa unajinyonga wenyewe. Mwanahawa alikuja mabaka yake yote yamewaka mekundu, mkono wa kushoto ameubeba kwa wa kulia kama mtoto mgonjwa. Nilipogusa nyuma ya kiwiko chake mshipa ulikuwa mnene kama kamba ya ndoo, naye akapiga kelele.

"Mlisema napona," alisema.

"Unapona," nikamwambia. "Ndiyo maana unaumwa." Nimewahi kusema maneno mengi ya kijinga kazini, lakini hayo hayakuwa ya kijinga. Yalikuwa kweli, na hayakumsaidia.

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshaanza kujikunja. Wa kulia ulikuwa bado, ila mshipa wake nao ulikuwa umevimba, na alipoguswa na biro pembeni mwa kiganja alisitasita kabla ya kuonyesha. Dokta Nkinga alimwanzishia vidonge vya prednisoloni, vingi mwanzoni, vya kupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Hivyo ni vidonge vya kuwanyamazisha wajumbe. Alimwonya asiache ghafla hata akijisikia mzima, maana mwili ukishavizoea na kuvikosa ghafla unaweza kuanguka.

Vilifanya kazi. Maumivu yaliisha na wekundu ukafifia. Biro ikagusa mkono wa kulia, Mwanahawa akaonyesha papo hapo, mara nyingine akionyesha kabla sijamaliza kugusa. Mkono wa kushoto haukurudi. Alijifunza kushikilia kitambaa kwa ubavu wa mkono huo na kukiongoza kwa wa kulia, na Salumu alipita kunieleza kwamba mishono imenyooka kama zamani. Alikuwa na fahari, nadhani. Namtetea Salumu pale ninapoweza.

Halafu Mwanahawa akajiunguza. Alikuwa akipiga pasi ya mkaa, mkono wa kushoto ameuegemeza mezani, pasi ikakaa juu ya vidole naye anaongea na mteja. Aliyeshtuka ni mteja, kwa harufu.

Kidonda kile tulikiosha siku baada ya siku. Kilikuwa kimeingia ndani, kimefunikwa utando wa njano, na hakikusogea. Pembeni palikuwa peupe, pamelala. Hakuna joto, hakuna wekundu wa maana, hakuna chochote ambacho Sista Paskalina angekiita mwili umesikia. Vidonge vilevile vilivyokuwa vinanyamazisha wajumbe kwenye mshipa wa mkono wa kulia vilikuwa vinawanyamazisha na kwenye kidonda cha mkono wa kushoto. Hakuna dawa ya kuwaambia nyamazeni huku, semeni kule. Nilimuuliza Dokta Nkinga kama ipo hata Ulaya, akatikisa kichwa.

Tulikaa wote wanne chumbani, Mwanahawa kwenye kitanda cha kufungia vidonda. Dokta hakumficha. Alimwambia: tukipunguza vidonge haraka kidonda kitapona mapema, lakini mkono wa kulia unaweza kuvimba tena na kufa kama wa kushoto. Tukiendelea, mkono wa kulia utapona, kidonda kitachelewa, na pengine kitakula kidole.

"Wewe unasemaje, dokta?" Mwanahawa aliniuliza mimi. Wagonjwa wetu humwita dokta kila mwenye koti, na sikuwahi kupata muda wa kuwarekebisha.

"Okoa wa kulia," nikasema.

Sista naye akasema hivyo. Mwanahawa akasema haya. Tukamfunga, akaondoka, na sote tulijiona tumeamua vizuri. Mpaka leo naona tuliamua vizuri.

Nyumbani kwake hatukuwepo. Yaliyotokea huko nimeyapata vipande vipande. Vidonge vilimnenepesha uso ukawa wa mviringo, macho yakaingia ndani, na wateja wakawa wanamuuliza kama ana mimba. Kidonda kilianza kutoa harufu. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekula naye sinia moja miaka yote, alianza kumpakulia kwenye sahani yake peke yake, na sahani hiyo ikawa inaoshwa nje. Hakuna aliyemtukana. Salumu alihamishia godoro dukani, akasema anaogopa wezi.

Ikaja wiki kidonda kikabadilika. Nilifungua bandeji nikakuta utando umelegea wenyewe. Alipokuja tena, chini yake palikuwa na nyama nyekundu, yenye chembechembe, ile inayotoa damu kidogo ukiigusa, na sisi wa kazi hii tukiiona huwa tunamwita mwenzetu aje kutazama. Nikamwita Sista Paskalina.

"Sista, njoo uone. Kimeamka."

Alikuja anajifuta mikono. Akainama, akanusa, akabonyeza pembeni. Palikuwa na joto. Nilingoja atabasamu. Alinyoosha mgongo akamtazama Mwanahawa usoni kwa muda mrefu. Mimi nami nikatazama, ndipo nikaona mashavu yamepungua.

"Mwanangu," Sista alisema taratibu, "vidonge unameza?"

"Nameza, mama."

"Lete mkono wa kulia."

"Huo hauumi, mama. Mzima kabisa."

"Najua hauumi. Lete. Fumba macho."

Sista alichukua biro mfukoni mwangu. Akagusa pembeni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Mwanahawa alikaa na macho yamefumbwa, kidole cha kuonyeshea kimening'inia hewani, anangoja. Sista akagusa tena. Akagusa katikati. Akagusa ncha ya kidole cha shahada.

"Hujaanza tu?" Mwanahawa aliuliza.

Alifumbua macho akaona ncha ya biro imekaa kwenye ngozi yake.

Kuna mishipa inayokufa kwa kelele na kuna inayokufa kimya. Wa kulia ulikuwa umekwenda kimya. Sista aliweka biro mezani.

"Uliacha lini?"

"Mlisema wenyewe." Hakuwa analia bado. "Mlisema nikiacha kidonda kitapona. Kimepona, si mnaona? Mama, kidonda watu wanakiona. Wanakinusa. Huo mshipa nani anauona? Nikila peke yangu nje, niwaambie nini, kwamba kuna kitu ndani ya mkono kinapona? Nilitaka nikifungue wakione. Nilitaka nile nao Idi."

Ndipo akalia, akijifuta kwa mkono wa kulia na kuutazama kila baada ya kujifuta. Nilibaki nimeshika kibano. Mbele yangu kulikuwa na kidonda kizuri kuliko vyote nilivyosafisha mwaka ule, na nilitamani kisingekuwepo. Nilikifunga vizuri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi.

Dokta Nkinga alikuja, akamlaza, akaanzisha vidonge upya kwa kiwango cha juu. Hakumgombeza. Alituambia tusimgombeze, na Sista Paskalina akamwambia dokta, hayo hukuhitaji kuyasema. Tulimfunga mkono kwenye kibao usiku vidole visikunjike, tukamfanyisha mazoezi kwenye maji ya uvuguvugu ambayo uvuguvugu wake tuliupima sisi. Kidole gumba kilirudi. Cha shahada kikarudi nusu. Vingine havikurudi. Kwa kidole gumba na nusu ya kidole unaweza kushika kijiko. Sindano huwezi. Mkasi wa fundi huwezi.

Salumu alikuja wodini kila siku mwanzoni, halafu Ijumaa tu, halafu akamtuma dada yake. Cherehani akapewa huyo dada. Mwanahawa aliporuhusiwa hakurudi barazani. Alipelekwa kwa mama yake mzazi, Manyoni. Ukoma wake ulikuwa umepona kabisa, na kwenye kadi tuliandika hivyo, amepona.

Kwa miaka iliyobaki nilifanya mambo mawili tofauti na zamani, na ninyi mliofanya kazi nami mliyalalamikia. Kila mgonjwa wa vidonge vile nilimgusa kwa biro kila alipokuja, hata akiwa na haraka, hata akisema mkono hauumi. Na kidonda kikipona upesi kuliko nilivyotarajia, niliuliza maswali kabla ya kufurahi. Mlisema mzee ana gubu, hata kidonda kikipona ananuna. Ndiyo sababu yake hiyo. Nilijaribu pia kwenda kwa familia, kukaa na mama wakwe na kueleza habari za wajumbe. Walinipa chai wakanisikiliza kwa adabu. Mara nyingine sahani ya mgonjwa ilirudi ndani, mara nyingi haikurudi.

Mzee Mghenyi, mkitaka kujua, alikufa na kidonda chake. Alikufa kwa jambo jingine. Watoto wake walikuja kutuarifu, na nilisikitika kama ninayeaga mfanyakazi mwenzangu.

Sista Paskalina alistaafu kabla yangu akarudi kwao. Mwaka huu, baada ya ninyi kuniaga, nikapata habari ya msiba wake nikapanda basi kwenda Manyoni kumzika. Tulipotoka makaburini mwanamke mmoja alinikabili, amefunika mikono kwa ncha za khanga.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba." Kisha nikamtambua. Uso ulikuwa umerudi kuwa wake.

"Alikuwa anakuja kunitazama," alisema. "Kila Jumapili akitoka kanisani. Alikuwa bado na kale kakalamu." Akasema mama yake yuko nyumbani, si mbali na reli, nisiondoke bila kunywa chai. Nikamfuata.

Mama yake, Bi Zuhura, ni kikongwe sasa, anatembea kwa kushika ukuta. Hakukubali mtu amsaidie kumimina. Alijaza vikombe vitatu, akanipa changu. Kile cha Mwanahawa hakumpa. Alikishika kwa viganja vyote viwili, akakibonyeza, akaweka chini. Tukaongea habari za mvua na za marehemu. Akakishika tena, akaweka chini. Mara ya tatu ndipo akakisukuma kwa mwanawe, na Mwanahawa akakiinua kwa vifundo vya mikono.

Bi Zuhura aliona ninatazama.

"Ndivyo tunavyoishi, dokta. Sufuria, maji ya kuoga, kikombe, yote namgusia mimi. Akigusa mwenyewe anaungua hajui." Alikunjua viganja vyake akavitazama, vimekauka na kupasuka kwenye mistari. "Na mimi ndiyo huyo naondoka. Mtu anagusiwa na mama yake. Baada ya mama anagusiwa na nani?"

"Mama," alisema Mwanahawa, "mgeni anakunywa."

Nilikunywa. Chai ilikuwa ya moto sana, na niliona haya kuipuliza.